Ukame wa Siku Nne

Watu wa filamu walifika kijiji cha Mwalukolo siku ya Jumatano kutafuta ukame, wakakuta mvua imewatangulia kwa wiki tatu.

Walikuja na magari mawili yaliyojaa mashine, vyuma, miavuli mikubwa ya rangi ya fedha, na karatasi zilizoeleza ukame wa wilaya ya Kishapu ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi hizo ziliandikwa mwaka jana, ng'ombe walipokuwa wakifa kweli na watu wakigombania tope la lambo. Lakini mwaka jana fungu la filamu lilikuwa halijatoka. Sasa limetoka, na mtama umefika kiunoni, majani yamevamia hadi njia ya zahanati, na vyura wanalia mchana kweupe kama walioajiriwa.

"Niliambiwa hapa ni jangwa," akasema George, mkubwa wa filamu. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye kofia, na alivitazama vile vyura kama mtu aliyetukanwa.

"Mwaka jana lilikuwa jangwa," akajibu Mageni. "Mngewahi."

Walikuwa wamesimama nyumbani kwa Mageni kwa sababu kijiji kizima hakikuwa na mahali pengine pakavu. Ng'ombe wake saba hulala uwanjani, na kwato zao zilikuwa zimemaliza majani yote mbele ya nyumba. Agnetha, binti wa Dar es Salaam aliyekuwa msaidizi wa George, akaandika kwenye daftari lake: uwanja unafaa.

"Uwanja unafaa," akasema George, "na mama huyu anafaa, ana uso wa huzuni."

"Huo ndio uso wangu," akasema Dorika, mke wa Mageni, ambaye watu walimwita Mama Violeth.

"Tatizo ni bati. Linang'aa. Mtazamaji wa Ulaya akiona bati linang'aa, machozi hayatoki. Tunaliondoa siku nne tu, tunaweka nyasi chache pale juu. Tukimaliza, tunawaezekea upya. Tena si bati hili. Msauzi. Nyekundu."

Mageni akameza mate. Tangu mwalimu mkuu aezeke bati la msauzi, lile la rangi lenye migongo kama vigae, Mageni alikuwa akipita pale hata kama haendi upande ule.

"Yaya," akasema Dorika, hapana ya Kisukuma inayotoka tumboni. "Bati hili ni pamba ya misimu mitatu. Na kuta hizi ni tofali bichi, hazijachomwa. Nyumba ya tofali bichi ukiivua bati msimu wa mvua, ni sawa na bonge la sukari."

"Siku nne, mama."

"Mvua haihesabu siku."

"Mama Violeth," Mageni akasema polepole, "nyekundu."

Agnetha akaandika karatasi, Mageni akatia sahihi. Kabla jua halijapanda sana, mafundi wa filamu walikuwa juu ya nyumba wakiling'oa bati. Walilipanga nyuma ya zizi. Misumari wakaitia kwenye ndoo, na ndoo wakaipakia garini, isije ikapotea. Kisha wakafyeka majani ya pembeni, wakamwaga majivu magunia mawili, na ukame ukawa tayari.

*

Siku ya Alhamisi ng'ombe alitakiwa afe, na Dorika apige yowe.

Kufa kulishindikana. Ng'ombe alilazwa mara tano, akainuka mara tano, na mara ya tano alikula kona ya karatasi za George. Basi wakakubaliana kwamba ng'ombe afie nje ya picha, lionekane yowe tu.

"Siwezi kupiga yowe," akasema Dorika.

"Kwa nini, mama? Kila mtu anaweza."

"Hapa yowe lina sheria. Sisi tunaliita mwano. Ukilipiga, kila mwenye miguu lazima aje. Asiyekuja anatozwa mbuzi. Na aliyelipiga bure anatozwa pia, tena kwa aibu."

George akacheka kwa upole, kama anavyocheka mtu aliyelipia hoteli. "Mama, ni filamu."

Dorika akamtazama mumewe. Mageni akatazama juu, pale ambapo bati jekundu lingekuja kukaa. Basi Dorika akavuta pumzi, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kupiga yowe la uongo, alipiga la kweli.

Haikupita robo saa. Walitokea kwenye mtama, walitokea lamboni, walitokea njia ya mnadani. Watu kama sitini, wengine na mikuki, wengine na majembe. Mmoja alikuja kichwa kizima kikiwa na povu la sabuni. Jirani yao, Bibi Scolastika, alikuja na mwiko wenye ugali. Mbele yao alikimbia mzee Benedict, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akipuliza filimbi.

"Wamepita wapi?" akauliza Benedict, akihema.

"Hakuna wezi, babu," akasema Violeth, binti wa nyumba hiyo. "Ng'ombe amekufa."

"Yuko wapi?"

Violeth akaonyesha. Ng'ombe alikuwa amesimama, akicheua.

Benedict akamtazama ng'ombe, akalitazama paa lililo uchi, akamgeukia Dorika. "Nani amepiga mwano?"

"Mimi, baba. Nimeambiwa na filamu."

"Filamu ni nani?"

George akainua mkono.

"Una mji hapa, una kaya?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi mmoja."

Mbuzi alinunuliwa, akachinjwa, akaliwa palepale, maana faini ya mwano hailali. Wakati wa kutafuna, George akaeleza kwamba yowe litapigwa tena: mara moja likitazamwa kwa mbali, mara moja kwa karibu, na mara nyingine kutoka nyuma, na pengine kesho pia. Benedict akahesabu kwenye vidole.

"Mbuzi wanne," akasema. "Sisi hatuna neno. Tutakula."

Agnetha ndiye aliyepata njia. Alifunga kamba kuzunguka uwanja, na penye kona akasimamisha mti mrefu wenye kitambaa chekundu kwenye kijikamba cha kupandisha na kushusha. Benedict aliipenda sana ile njia, kwa kuwa ilikuwa sheria, naye alikuwa mtu wa sheria. Akatangaza kwa sauti: yowe likipigwa, kila mtu aje, kwa kuwa mwano ni mwano. Akikuta kitambaa kiko juu, asimame kwenye kamba na anyamaze. Akikuta kiko chini, aingie. Atakayevuka kamba kitambaa kikiwa juu, mbuzi.

Basi siku ile na iliyofuata, kijiji kilikimbia mara sita. Walikuja mbio, wakafika kwenye kamba, wakasimama kimya, wakaruhusiwa, wakarudi kulima. Mpaka Ijumaa jioni walikuwa wataalamu.

"Lile la nne lilipwaya," Bibi Scolastika akamwambia Dorika. "La tano ndilo. La tano hata mimi nililia, nikasahau kwamba wewe ndiye uliyeninyima chumvi."

*

Ijumaa hiyohiyo kabla ya jua kuzama, Dorika aliona siafu wamebeba mayai wakipanda ukutani. Upepo uligeuka, ukatoka upande wa Mwadui ukiwa na harufu ya udongo uliolowa. Ng'ombe walikataa kulala mbalimbali, wakasongamana mikia nje. Akamfuata George, aliyekuwa akikunja kiti chake.

"Baba, nipeni misumari yangu. Kesho inanyesha."

George akatoa simu, akaipekua. "Kesho jua, mama. Mvua asilimia tano tu."

"Hiyo simu iko chini ya mwavuli wako. Itoe nje ione."

"Hata ingekuwa kumi, haiwezekani. Kesho nyumba lazima ifanane na ya leo. Leo haina bati, kesho ikiwa na bati, picha haziungani. Watu watasema tunadanganya."

"Watasema mnadanganya," Dorika akarudia taratibu, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Ndiyo, mama. Ukweli ni kitu kikubwa katika kazi yetu."

Agnetha aliinamisha kichwa, akaandika kitu kisichohitaji kuandikwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba labda wangeacha ile ndoo ya misumari, kwa usalama tu. George akasema ndoo ibaki garini, maana watu wakiachiwa misumari wataezeka.

Mageni alikaa kwenye gogo. Ndoto ya bati la msauzi ni tamu, lakini yeye pia alikuwa ameona siafu.

*

Jumamosi asubuhi magari yaliondoka kwenda Maganzo kupiga picha za wachimbaji wadogo wa almasi, waonekane kama watu waliokimbia ukame wakaingia mashimoni. Walisema watarudi adhuhuri. Kitambaa chekundu waliacha kikipepea juu, ili mtu yeyote asiguse uwanja.

Mvua ilifika kabla yao. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika kama mtu aliyechoka kubeba, na nyasi chache za filamu zikaondoka na upepo wa kwanza. Maji yalipitia juu ya kuta, yakateremka ndani, yakaanza kuitafuna nyumba kutoka kichwani. Violeth alitoa godoro, akatoa magunia mawili ya mtama, akarudi kuchukua sanduku la nguo. Mageni aliona ukuta wa chumba cha kulala ukitoa tumbo. Akauwekea mgongo, akachimbia miguu.

"Piga!" akamwambia mkewe. "Piga mwano!"

Dorika akapiga.

Walikuja. Hakuna atakayewasingizia kwamba hawakuja. Walikuja mbio kwenye tope, wengine wamejifunika viroba, wengine wamejifunika masinia, Benedict mbele na filimbi iliyojaa maji. Walifika kwenye kamba. Wakatazama juu. Kitambaa kilikuwa juu, kimelowa na kushikamana na mti.

Wakasimama.

"Ingieni!" akalia Dorika. "Jamani, nyumba inaanguka!"

"Leo amezidi," mtu akanong'ona.

"Hata Mageni," akasema Bibi Scolastika kwa kuridhika. "Jana alikuwa kama kisiki. Leo tazama mishipa ya shingo."

"Bibi Scolastika," akalia Violeth, "ukuta! Ukuta kweli!"

"Naona, mwanangu. Endelea hivyohivyo, usitazame huku. Walisema tusitazamwe."

Mzee Benedict hakuwa mjinga. Alizungusha macho kulia na kushoto. "Mashine ziko wapi?" akauliza.

"Labda ni ile picha ya mbali," akajibu aliye karibu naye. "Ile ya mbali wanajificha."

Benedict akafikiri. Ni kweli, ya mbali walijificha, na juzi alikuwa ametoza mbuzi mtu aliyepiga chafya. Maji yalimtiririka usoni. Mguu wake mmoja ulitaka kwenda na mwingine ulikuwa kamanda. "Kitambaa kiko juu," akasema, lakini alisema kama anayeuliza.

"Mzee Benedict!" Mageni akaita kutoka ukutani, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nachoka."

Hapo ukuta ukaanguka. Haukuanguka kwa kishindo, ulikaa chini, kama mama mzito anavyokaa, na kumwacha Mageni amesimama peke yake na mgongo wake, ametegemea mvua.

Dorika hakupiga yowe tena. Alitembea mpaka penye mti, akakitafuta kile kijikamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, fundo likamkatalia. Akaukumbatia mti wenyewe, akautikisa, akaung'oa, akaulaza chini pamoja na kitambaa chake miguuni pa kamanda.

"Haya," akasema.

Kamba ilikatika kwa vifua vya watu sitini. Kazi waliyoifanya ndani ya nusu saa ile, hata fundi wa mjini angeondoa kofia. Walishika kuta zilizobaki kwa miti ya zizi, wakapandisha bati mkono kwa mkono, na kwa kuwa misumari ilikuwa Maganzo ikitazama almasi, walilikandamiza kwa mawe na mawe yalipokwisha, kwa mawe ya kusagia. Bibi Scolastika alileta lake mwenyewe, akiwa analia, na safari hii hakueleza kwa nini. Chumba kimoja na nusu vikapona.

Benedict alikaa kwenye tope mbele ya Dorika. "Nitoze," akasema.

"Nikutoze kwa sheria ipi, baba? Ulikuja."

*

George alifika saa kumi, magari yakiwa yamepakwa tope hadi madirishani. Aliposhuka akashika kichwa.

"Nyumba yangu!" akasema.

Watu wa nyumba hiyo wakatazamana.

"Tuna picha za mwisho zimebaki, na sasa tazama, maji kila mahali! Nani amerudisha bati?"

"Nyumba imeanguka," akasema Dorika. "Unaiona. Si mlikuja kutafuta maafa? Haya hapa. Pigeni picha."

George akatazama, na kusema haki alisikitika, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Mama," akasema, "haya ni mafuriko. Sisi filamu yetu ni ya ukame. Mafuriko yana wafadhili wengine."

Agnetha alienda garini mwenyewe, akarudi na ndoo ya misumari. Alimpa Dorika kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu rambirambi. Lakini mingi ilikuwa imepinda wakati wa kung'olewa, na mabati yenyewe yalikuwa na matundu mapya. Wakaahidi bati la msauzi litaletwa ndani ya wiki mbili. Wiki mbili zikapita, kisha zikapita nyingine nne. Karatasi ya Mageni ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, na wino wake ulikuwa umekimbia na maji.

*

Filamu ilionyeshwa Mhunze, makao ya wilaya, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha kwa mablanketi, ikiwa na maneno ya Kiswahili. Kijiji kilikwenda kwa lori. Walimwona Dorika akilia, wakapiga makofi. Walimwona ng'ombe hayupo. Kisha ilipofika mwisho, likatokea neno MATUMAINI, na ikaonekana nyumba nzuri ya tofali zilizochomwa, yenye bati la msauzi, jekundu, na mbele yake mama mmoja wa kimo cha Dorika, amevaa kitenge kama cha Dorika, amegeuka mgongo, akimwagilia maua.

"Baada ya miaka ya mateso," sauti ikasema, "Dorika leo ana makazi bora."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Shemeji yake wa Maganzo, aliyekuwa safu ya nyuma, akapaza sauti: "Hongera, shemeji! Na hukusema!"

Dorika alimsubiri mlangoni Agnetha, aliyekuwa amekuja na filamu.

"Ile nyumba iko wapi?"

"Nyasubi, mama. Kahama." Agnetha hakuweza kuinua macho. "Mafundi wa kuja kwako walitaka siku tatu, sisi tulikuwa na nusu siku. Tukatafuta ambayo tayari imeezekwa."

"Na mimi pale ni nani?"

"Mwenye nyumba alikubali kugeuka mgongo."

*

Wiki iliyofuata likaja tangazo kwamba nyumba zilizoharibiwa na mvua ziandikishwe, zigawiwe bati na misumari. Watu thelathini na nane waliandikishwa. Dorika alisomewa orodha mara mbili, hakumo. Akaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji, jina lake Agapiti. Ilikuwa siku ya upepo, na Agapiti alikuwa amefunga dirisha karatasi zisiruke.

"Shikamoo mtendaji."

"Marahaba, Mama Violeth. Karibu. Nyumba mpya inaendeleaje?"

"Sina nyumba mpya. Nimekuja kuandikishwa."

Agapiti akatabasamu kama mtu aliyemkamata mtoto na sukari mdomoni. "Mama, mimi nilikuwa Mhunze, safu ya mbele. Nimeona kwa macho yangu. Watu hawana hata mbavu za nyumba, wewe una maua."

"Ile si yangu."

"Ilitajwa kwa jina lako. Mbele ya wakubwa. Nikikuandika leo, kesho naulizwa: huyu si yule wa filamu? Nitajibu nini?"

Dorika akakaa bila kukaribishwa. "Sawa," akasema. "Basi niandikie barua kwamba nyumba ile ya Nyasubi ni yangu. Piga muhuri. Nakwenda kuhamia leo."

Agapiti akacheka. Dorika hakucheka. Agapiti akachukua karatasi ili kumkomoa, akaandika: Mimi mtendaji nathibitisha kwamba. Hapo kalamu ikasimama. Akaitikisa kana kwamba wino umekwisha.

"Nithibitishe nini sasa?" akauliza.

"Ulichokiona kwa macho yako."

Upepo uligonga dirisha. Agapiti akapatazama pale chini ya karatasi, palipokuwa pakisubiri jina lake na sahihi.

"Nyumba yako ya sasa ikoje?" akauliza, kwa sauti nyingine.

"Fungua dirisha."

Akafungua. Karatasi zikaruka, hakuzifuata. Ng'ambo ya njia, hatua kama mia, ilisimama nusu ya nyumba. Juu yake bati lilikuwa likiinuka na kushuka kwa upepo, na juu ya bati alilala mtu kifudifudi, mikono na miguu ameitandaza pembe nne.

Agapiti alitazama kwa makini, uso mbele, kama alivyotazama Mhunze.

"Yule juu ni nani?"

"Mume wangu."

"Anafanya nini?"

"Anashikilia."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uandike," akasema Dorika.